Namba Kumi na Mbili ya Patron

Jumatatu, 7 Julai 2025

Baridi! Vidole havitaki kalamu. Mteja wetu wa mgodini ametuletea katoni ya visahani vya plastiki. Mchezo wenyewe: unarusha kisahani mpaka kiingie kwenye kikapu cha minyororo. Jumamosi tutacheza na timu yao uwanjani kwao. Patron Rigobert, bosi wetu, ameniita — mimi, karani mgeni — nichague nani arushe kipi. Eti nimesoma. Majaribio yangu ya kazi yanaisha Jumanne ijayo, na kontra yangu, yaani mkataba, iko mezani kwake bila sahihi. Sitakosea.

Jumanne, 8 Julai

Nimesoma maelezo yaliyokuja na visahani mara tatu. Ni wazi kabisa. Namba ya kwanza juu ya kisahani ni mwendo. Mbili na tatu: ukingo mnene, vinakwenda polepole na vinanyooka. Nne na tano: vya katikati. Kumi na mbili: ukingo mwembamba, vya mkono wenye nguvu na mazoezi. Mkono mchanga ukikirusha hakifikii mwendo wake. Kinakata kushoto na kuanguka. Sisi sote ni wachanga. Basi: tatu na tano, vyepesi, kwa wote.

Jioni nimejaribu nyuma ya depo, ghala letu. Tatu — hatua arobaini, moja kwa moja! Kumi na mbili — kushoto, juu ya ukuta, mpaka kwa mama wa beignets, muuza maandazi. Amekirudisha akicheka: "Unatuma sahani, mwenyewe unabaki? Nikujazie?"

Jumatano, 9 Julai

Mama Lydie, mkuu wa wafanyakazi, amekataa orodha yangu. Kwetu kila kitu hugawanywa kwa cheo: viti, simu, hata nyama ya sikukuu.

"Petit, kijana, patron utamupa tatu sawa na Mbuyi chauffeur? Uko muzima?"

Nikaeleza mwendo, ukingo, mkono. Akasema namba ni namba.

Nimeandika upya. Patron kumi na mbili. Mama Lydie kumi na moja. Hivyo hivyo kushuka, mpaka Mbuyi, dereva wetu, na mimi: tatu. Chini kuna sahihi yangu. Si yake. Yangu!

Alhamisi, 10 Julai

Patron ameonyesha wageni kumi na mbili yake. Aling'aa. Nilifungua mdomo. Nikasema bonjour.

Ijumaa, 11 Julai

Mbuyi amefurahi mno. Anasema kesho mimi na yeye tutawapiga bakubwa, kisha lundi, Jumatatu, tutatafuta kazi pamoja.

Nirushe vibaya makusudi? Nimelifikiria mchana kutwa. Hapana. Hesabu za mwendo ziko upande wangu. Nimetia tatu yangu kwenye mfuko, na maelezo pia.

Jumamosi, 12 Julai, uwanjani

Naandika nimekaa kwenye kichuguu. Mkono unahitaji kazi.

Kikapu cha kwanza: kisahani cha patron kushoto, majanini. Cha pili: kushoto. Cha tatu: kushoto, karibu kimpige mhandisi wao. Mama Lydie amegonga kichuguu hiki hiki na kulaumu upepo. Upepo gani? Mbuyi amefunga mara mbili na kuomba radhi mara mbili. Mimi pia nimefunga. Sikuomba.

Sasa alama zetu na zao ni sawa, kimebaki kikapu kimoja, watu wawili kila upande. Patron ameuliza nani aliandika orodha. Mama Lydie akatazama viatu vyake.

Nikasema ni mimi. Sauti ikatoka — sijui wapi. Nikasema tena: "Patron, namba kubwa si cheo. Ni mkono. Wenu bado mchanga."

Mbuyi akakohoa.

Patron akanyoosha kiganja, akachukua tatu yangu. Akaipima. Kisha akanipa kumi na mbili yake. "Si cheo, umesema? Bon. Weye unajua, utarusha nayo. Mi na weye."

Adhabu? Heshima? Uso wake hausemi.

Wenyeji wamerusha: kimoja ndani, kimoja nje. Patron amerusha. Kimenyooka, kimenyooka — minyororo imelia! Ameruka kama mtoto. Sasa nikifunga tunashinda, na wote wananitazama.

Kisahani kiko mapajani, ukingo wake kama kisu. Kikapu kiko mbele. Nisikilenge. Nilenge kulia, kwenye kichuguu kingine kikubwa kule. Kitakata kushoto chenyewe, mpaka kwenye kikapu. Najua kitakata.

Patron anaita jina langu —