Wimbo Niliouanzisha Juu Mno

Shule ya Msingi, kando ya Ziwa Basotu,
Hanang.
1 Septemba, 1983.

Mpendwa Shangazi Bernadina,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama huko Songea, na kwamba goti lako limepata nafuu. Mimi sijambo, ila nimechoka. Ukiona mwandiko unalala kwenye mistari, nisamehe, hata mkono umechoka.

Nyumbani Mbulu hawajambo. Baba ameandika kwamba mahindi yamevunwa na yule ng'ombe mwekundu amezaa. Mama ana kikohozi, lakini ukimwambia apumzike hasikii.

Uliuliza kwa nini nimekaa kimya tangu nianze mazoezi ya kufundisha. Nilikuwa naona aibu, Shangazi. Nimepewa muziki darasa la tatu, maana chuoni walinijua kwa kuimba. Wanafunzi ni themanini na mmoja, madawati kumi na sita. Nyuma ya shule ni ngano ya shamba la serikali mpaka macho yachoke, na kombaini zinavuna. Vumbi linaingia darasani na kutanda ubaoni kabla hata ya chaki.

Kila nilipoanzisha wimbo, watoto walinifuata mistari miwili, kisha sauti zinakatika moja moja. Wengine walipiga kelele tu. Wengi ni watoto wa wafugaji, nikajiambia hawajazoea nyimbo za shule, tena ni wavivu. Nikazidi kupaza sauti. Kaka Hhando aliposikia nalalamika, akaniletea fomu ya ukarani wa mizani kwenye ghala la shamba. Niliijaza yote.

Kulikuwa na msichana mmoja, Kornelia, aliyeimba chini peke yake, wenzake wakicheka. Siku moja mwishoni mwa Julai nikamwambia mbele ya wote, "Kornelia, unatuharibia. Toka nje mpaka tumalize." Akatoka. Kesho yake hakuja shule, wala wiki zilizofuata.

Katikati ya Agosti koo likafunga. Sauti ikaisha kabisa, na mkufunzi kutoka chuoni alikuwa anakuja Alhamisi kunipima. Nikamwandikia Mwalimu Tomaso, mwalimu mkuu wetu, kikaratasi cha kuomba ruhusa. Akakisoma, akanirudishia.

"Ukikosa kupimwa utarudia mazoezi yote," akasema. "Ingia hivyo hivyo. Una chaki."

Jumanne nikaingia, nikaandika ubaoni: Anzeni wenyewe. Watoto wakatazamana. Mwishowe Natalia wa dawati la mbele akaanzisha wimbo wetu wa siku za wiki, chini sana kuliko nilivyouanzisha mimi siku zote. Darasa zima likaingia, likaimba mpaka mwisho bila hata mmoja kukatika.

Nilisimama pale na chaki mkononi. Hawakuwa wavivu. Mimi nilikuwa naanzia pale sauti ya kwanza, ile ya juu kabisa, ya kwaya yetu ya kigangoni inapoanzia, na wao hawafiki huko. Kornelia peke yake ndiye aliyeshuka akatafuta mahali pa kuimbia, nami nikamtoa nje.

Kesho yake baada ya vipindi nilitembea mpaka kwao, njia ya Balangdalalu. Wamehama mbali tangu malisho yao yalipolimwa ngano, nikafika miguu imevimba. Mama yake akanipa maziwa. Nikamwambia Kornelia kwa mnong'ono, maana ndiyo sauti niliyokuwa nayo, "Nilikosea. Wewe ulikuwa sawa." Akatazama chini.

"Mwalimu, umetembea kote huko kuja kusema hilo tu?" mama yake akauliza.

Nikatikisa kichwa kukubali.

"Basi amesikia."

Alhamisi mkufunzi akakaa nyuma. Natalia akaanzisha, mimi nikapiga mapigo mezani kwa rula, watoto wakaimba vizuri kuliko siku zote. Mkufunzi akaandika: "Sauti ya mwalimu haisikiki." Akanipa alama za katikati. Nimefaulu, Shangazi, lakini si kama ulivyotarajia. Sikujitetea. Sikuwa na sauti, wala nguvu.

Kornelia alirudi Jumatatu iliyofuata. Alikuwa anapiga makofi tu, haimbi, nami sikumlazimisha. Leo nimesimama mbele kuanza kipindi, sauti inakwaruza kama ya jogoo mchanga. Akanyoosha mkono.

"Mwalimu, koo limepona?"

"Bado kidogo."

"Basi kaa. Tutaanza sisi."

Nikakaa, na aliyeanza ni yeye.

Fomu ya Kaka Hhando sikuipeleka. Atakasirika, naomba umwandikie wewe, anakusikiliza. Nikimaliza chuo nitakwenda shule yoyote nitakayopangiwa. Kwa sasa nataka kulala siku mbili mfululizo.

Mpe Baba Felician shikamoo yangu. Wasalimie Angela na Nikolausi, waambie dada yao anawakumbuka. Ukipata mtu anayekuja huku, nitumie sabuni hata kipande, huku imeadimika.

Mungu akulinde, akupe miguu ya kukufikisha kwetu wakati wa Noeli.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, akupendaye daima,

Verediana