Kwa Mama Tumpe, Uliyesukuma Gari kwa Mgongo

Mke wangu mpendwa, Mama Tumpe,

Miaka imepita tangu tukulaze pale juu karibu na kanisa, na bado nikitaka kueleza jambo nageukia upande uliozoea kukaa. Leo nataka tulikumbuke lile gari. Wewe mambo haya unayajua. Pale nitakapofafanua sana, ujue nawafafanulia wajukuu, kwa kuwa nao wataisoma barua hii.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Kahawa ilikuwa imetuendea vizuri, nami nilikuwa nimechoka kuona wagonjwa wa huku kwetu Rungwe wakibebwa kwa machela hadi hospitali ya misheni. Nikapanda basi hadi Iringa, kwa tajiri mmoja aliyeuza magari yaliyokwisha kutumika. Kiwanja chake kilikuwa ubavuni mwa kilima, na magari yote yaliegeshwa yakitazama bondeni. Nikaona ni mpangilio wa kupendeza. Akanionyesha pikapu ndogo ya kijivu.

"Mwalimu, hili lilikuwa la mzungu wa chai kule Mufindi," akasema. "Kazi yake kwenda kanisani Jumapili, basi."

Nikashika usukani, nikaachia breki, likateremka hatua chache, nikaingiza gia, likaunguruma vizuri kabisa. Kuendesha nilijifunza jeshini wakati wa vita. Kununua hatukufundishwa.

Makambako nikalizima ili ninywe chai. Pale ni tambarare. Niliporudi nikabonyeza stata, ikalia kama chuma kinachosagwa, injini kimya. Hendeli ya kuzungushia kwa mkono nayo haikuingia, maana tundu lake lilikuwa limepinda. Wasafiri wanne wakanisukuma, na tangu hapo sikulizima tena mpaka nyumbani.

Ulilizunguka mara mbili. Nikakueleza habari za mzungu na kanisa lake.

"Basi kanisa lilikuwa chini ya mlima," ukasema, "na kurudi alirudi kwa miguu."

Sikucheka. Nilikuonyesha karatasi ya tajiri, iliyosema gari limeuzwa kama lilivyo. Nikakufafanulia, kalamu mkononi, kwamba maana yake halijachezewa, kila kitu ni kile kile cha kiwandani. Wiki mbili baadaye nilikwenda Iringa kulalamika, na tajiri akaweka kidole juu ya maneno hayo hayo.

"Ulisoma, Mwalimu?"

"Nilisoma."

"Na haliwaki?"

"Haliwaki."

"Basi ndivyo lilivyo."

Nilikuwa nimefundisha Kiswahili zaidi ya miaka kumi, lakini somo hilo nilipewa na muuza magari. Nikarudi nalo nyumbani. Tukajizoeza kuliegesha pale njia inapoanza kuteremka, na kila safari ikaanza kwa kuachia breki.

Kisha baba akaugua. Alishikwa na kichomi asubuhi moja ya baridi, na kabla jua halijapanda alikuwa akivuta pumzi fupi fupi kama mtu anayekimbia. Siku hiyo kijiji kizima kilikuwa msibani ng'ambo ya mto. Na gari, kwa sababu mvua ya jana yake ilikuwa imeifanya njia kuwa utelezi, nilikuwa nimeliingiza uwanjani, mahali palipo sawa. Nikambeba baba nikamweka mbele, nimemfunga blanketi, nikasukuma peke yangu. Halikusogea.

Hapa wajukuu wanisikilize. Kwetu Wanyakyusa wakati ule, mke hakumtazama baba mkwe wake. Hakukutana naye njiani. Akimwona kwa mbali alikata majanini. Hakuingia mahali alipo mkwewe, wala hakutaja jina lake. Wachungaji walikuwa wamekwisha kusema kwamba Mkristo hafungwi na mambo hayo, nawe uliwasikiliza kwa adabu, ukaendelea kushika. Hukushika kwa woga. Uliniambia siku moja, "Baba yako ananipisha njia nami nampisha. Ni nani mwingine anayenipisha njia hapa?"

Nikakuita. Ukajibu kutoka nyuma ya nyumba.

"Baba yumo ndani?"

"Yumo."

"Anaweza kuniona?"

"Nyuma kuna kioo."

Sikukuamuru. Ningekuambia uiache heshima, ilikuwa heshima ya baba yangu. Ningekuambia uishike, ilikuwa pumzi ya baba yangu. Nilisimama nimeshika mlango wa gari.

Ndipo ukatokeza kwenye kona ya nyumba ukirudi kinyumenyume, hatua kwa hatua, uso ukitazama migomba, mpaka mgongo wako ukaligusa gari. Ukachimbia visigino ardhini.

"Shika usukani, Mwalimu. Hotuba baadaye."

Tukasukuma, mimi kwa bega mlangoni, wewe kwa mgongo. Nilipochungulia ndani nikamwona baba, mgonjwa vile, amejivuta blanketi mpaka juu ya kichwa ili asikuone. Kila mmoja alikuwa akimlinda mwenzake, na katikati yenu gari likaanza kusogea. Lilipofika ukingoni nikarukia ndani, nikaingiza gia, likawaka. Kwenye kioo nilikuona bado umesimama umetupa mgongo, mikono kiunoni, ukisikiliza injini ikiteremka.

Hospitalini wakamchoma sindano mchana na usiku. Ulikuja kesho yake kwa miguu na uji, ukauacha kwa muuguzi mlangoni, na siku iliyofuata vivyo hivyo. Siku ya tatu baba akaweza kuketi. Akaniuliza uji ule ulitoka wapi. Nikamwambia, nikamweleza na jinsi ulivyosukuma gari.

"Mwambie aingie."

"Baba, ni mke wangu."

"Najua ni nani. Mtu aliyenitoa uwanjani kwa mgongo atashindwaje kunipa uji kwa mkono?"

Uliingia ubavu ubavu, nguo imekufunika nusu ya uso. Ukaweka bakuli. Nyote wawili mkalitazama bakuli.

"Una chumvi?" akauliza baba.

"Kidogo, baba."

Hayo yalikuwa mazungumzo yenu ya kwanza katika miaka minane ya ndoa. Nilitoka nje nikajifanya natazama gari.

Baba alipopona ukasema tunakwenda Iringa, wote wawili. Nilikuonya kwamba tajiri ana karatasi. "Karatasi ni ya kwako," ukasema. "Mimi sikuandikiana naye." Tulipofika, palikuwa na wazee wawili wa Kibena wakipapasa boneti ya gari jingine. Ukamwamkia tajiri vizuri, ukauliza habari za nyumbani kwake, kisha ukasema, kwa sauti ya kawaida tu:

"Magari yako mbona yote yanatazama bondeni?"

"Ni nafasi tu, mama."

"Basi hili la wazee hawa tulisogeze hapa palipo sawa, waliwashe."

Wazee wakatazamana. Mmoja akaondoa mkono wake juu ya boneti taratibu, kama mtu aliyegusa sufuria ya moto. Tajiri akakutazama, akanitazama mimi, akamwita fundi.

Fundi alikuwa Mhehe, mtu mzima, mpole. Akanisalimu, "Kamwene, Mwalimu," akafungua, akanionyesha ugonjwa. Stata ni nzima, alisema. Kuna gurudumu zito la injini lenye pete ya meno, na stata huyauma meno hayo ili kuizungusha injini. Meno yalikuwa yamelika upande mmoja, kwa hiyo stata ilizunguka bila kushika kitu. Dawa yake ni kuichoma pete moto mpaka itanuke, kuing'oa, kuigeuza upande ambao haujalika, na kuirudisha. Siku mbili. Nilimuuliza maswali mpaka ukanivuta shati. Tangu siku ile liliwaka popote, hata Makambako.

Baba alipanda gari lile mara nyingi baada ya hapo, nawe ukiwa kando yake. Mwanzoni mliweka kikapu katikati yenu. Mwaka uliofuata sikukiona tena.

Sasa nikupe habari za huku. Mwanetu wa mwisho ameoa binti wa Iringa, na huyo ndiye anayenipeleka hospitali Mbeya kupimwa macho. Anaendesha yeye. Mimi, baba mkwe wake, nakaa mbele, naye ananifunga mkanda kwa mikono yake. Jana tukishuka milima aliniambia, "Baba, ukiendelea kukanyaga breki ambayo haipo utatoboa sakafu." Nilitamani umsikie. Ananiheshimu sana, mama, ila heshima yake inanitazama usoni. Nimeizoea upesi kuliko nilivyodhani, na macho, daktari anasema, yatanifaa miaka mingi bado.

Ana mimba ya miezi mitano. Anataka mtoto asikie lugha zote mbili, ya kwao na ya kwetu, kwa hiyo ameniomba nimfundishe Kinyakyusa. Neno la kwanza alilotaka ni la kumshukuru mtu aliyekutendea jambo kubwa. Nikamfundisha, akalirudia mpaka akalipata, nami nikakumbuka kwamba asubuhi ile niliondoka na gari bila kukuambia neno hilo.

Ndaga fijo, Mama Tumpe. Pumzika vizuri.

Mumeo,
Baba Tumpe