Tikiti Moja kwa Nyumba Nzima

Malindi, Jumamosi, 1913

Koo limenikauka kwa kelele za uwanjani, lakini moyo umetua. Mwalimu mkuu wa skuli ninayofundisha alikwisha sema kwamba watazamaji wasipokuja, mpira wa skuli utakoma. Nikamshauri tikiti moja iingize nyumba nzima. Alikubali shingo upande.

Leo Mzee Bwanaheri wa Mambrui alikuja na wake zake wawili, watoto na mama mkwe. "Nyumba yangu ndiyo hii, mwalimu," akasema. Nikawapisha.

Wanawake tuliwatengea upande wao, chini ya turubali. Nilichelea wangechoka mapema. Kumbe vigelegele vyao ndivyo vilivyowakimbiza vijana wetu. Hata hivyo tulifungwa, nami nikaingiwa na wasiwasi kwamba hawatarudi.

Njiani kurudi nyumbani nilikuwa na mke wangu, ambaye hakuwahi kuona mpira kabla ya leo. Akauliza, "Mtacheza tena lini?"