Mtaro Hauishii Mlangoni Petu

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili, mvua imekatika.

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi kuliko matone ya jana. U hali gani huko? Kifua kimekuachia, au baridi bado inakionea? Shemeji na watoto wazima? Sisi tu salama, na miguu yetu mikavu. Hiyo miguu mikavu ndiyo iliyonikalisha niandike.

Uliposema kwenye simu tuuze nyumba tuhamie mtaa wa juu, kwa sababu maji hayana adabu, mama alikusikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia, "Mwandikie kaka yako. Mimi sihami."

Ule mtaro tuliousubiri tangu baba yu hai, kamati ya mitaro ilianza kuuchimba kiangazi hiki. Tukashangilia. Lakini walipofika kona ya fundi viatu, wakasita. Mbele yao, juu ya mfereji wa zamani uliopeleka maji mtoni, limekaa ghala la yule tajiri tunayemwita Bwana Kufuli. Badala ya kumgusa, msimamizi wa kazi akachora mstari wa chokaa kukunja kulia, mtaro uje kuishia kwenye uchochoro wetu. Yaani maji ya mtaa mzima akabidhiwe mama!

Nilimwuliza msimamizi maji yakishafika hapa yaende wapi. "Dada, yatajitafutia njia," akasema, akacheka. Njia wanayoijua ni sebule yetu, na cherehani yangu imechoka kulala juu ya meza. Kaka, kile kicheko kilituunganisha.

Kesho yake katapila lilimkuta mama ameketi juu ya ule mstari, anachambua mchele. Kando yake mimi, fundi viatu, muuza mkaa, na hata yule jirani asiyesalimia mtu. Msimamizi akafoka, "Mama, ondoka! Hii ni kazi ya serikali!"

Mama hakuinua macho. "Na hii ni kazi ya mchele. Kila mtu na yake."

Dereva wa katapila akazima injini, akashuka, akaomba maji ya kunywa. Mama akampa.

Sioni haya kukwambia niliogopa. Bwana Kufuli alileta vijana wake, mmoja akanisukuma nikaanguka topeni, kiwiko kikachubuka. Nikainuka, nikarudi palepale. "Sukuma tena," nikamwambia. "Tope nimelizoea." Akatazama pembeni.

Hatimaye akaja mwenyekiti wa kamati mwenyewe, viatu vinang'aa. Hatukumpigia magoti. Tulimwambia atuonyeshe tu maji yataishia wapi. Akatembea uchochoro wote mpaka akakutana na ukuta.

"Mheshimiwa," fundi viatu akamwambia, "vua viatu uyasubiri hapo."

Watu waliangua kicheko, na mwenyekiti naye kikamtoroka. Akageuka, akaenda ghalani. Walichoambizana sijui. Najua kwamba baadaye ubavu mzima wa ghala ulibomolewa, na mtaro ukanyooka mpaka mtoni. Bwana Kufuli hatusalimii siku hizi. Tunaishi hivyo hivyo.

Jana mchana mvua ilishuka ile ya kukufanya umtaje Mungu. Nilimsihi mama tupandishe magodoro, akakataa katakata. Tukasimama mlangoni tukayaona maji yakija, meusi, yanaunguruma, yamebeba matawi na kandambili za watu. Yakafika kona, yakapita zake. Mama akayatolea ulimi, mtu mzima yule!

Basi usitutafutie nyumba. Sasa nasikia kamati inasema kuuzoa uchafu mtaroni si kazi yake. Kesho tunakwenda ofisini kwao, mtaa mzima, na mama ameshapiga pasi gauni lake la harusi za watu.

Msalimie sana shemeji, wabusu watoto. Shangazi anakusalimu na anauliza kama umenenepa. Mungu akukinge na baridi ya huko, na siku akikurudisha, akupitishe kwenye mlango huu huu.

Wako akupendaye, asiyeng'oka,
Mdogo wako fundi cherehani