Kilio cha Salehe Kwenye Mkanda

Salehe ametambaa sasa hivi mpaka mekoni, kachukua mwiko, kapiga kifuniko cha sufuria mara moja tu, kisha kanyamaza ananiangalia. Utadhani anangoja wenzake waingie. Nimecheka peke yangu.

Ni Jumamosi alasiri, jua limelegea. Nina raha leo, acha niandike kabla haijapoa.

Tangu tutoke Sindeni kuhamia kijiji hiki cha ujamaa, kilichonifanya nisijione mgeni ni ngoma yetu. Mwalimu Elia, anayetufundisha kusoma jioni, alileta tepurekoda akatunasa akina mama tukitwanga. Mkanda ukilia, ngoma, madebe na kayamba vinaijibu ile michi. Mimi nagonga jembe bovu kwa msumari. Wapita njia wanatuuliza wimbo uko wapi. Hakuna wimbo. Ni mashine na sisi.

Shida ni kwamba siku ya kunasa Salehe alikuwa mgongoni kwangu, akalia. Kilio kimo humo humo kwenye mkanda.

Juzi Mama Rukia, kiongozi wetu, akasema kilio kitolewe. Tena akasema kesho Jumapili kwenye sikukuu Korogwe, mwenye mtoto wa kunyonya hapandi lori. "Tunakwenda kupiga ngoma, hatuendi kliniki."

Nilirudi nikasonga ugali kimya, mama mkwe akaniuliza kama naumwa.

Sijawahi kufika Korogwe. Na lile jembe nalipenda kuliko nilivyowahi kumwambia mtu.

Mwalimu akanasa upya kwenye mkanda mwingine, michi mitupu. Leo asubuhi wakaujaribu. Mimi nimekaa pembeni na mwanangu, jembe kapewa mwenzetu Asha. Mkanda ukaenda, ukaenda. Ngoma kimya. Mzee Mhina wa ngoma kubwa kainua fimbo, imebaki hewani.

Mwalimu akamuuliza, "Mzee, mbona huingii?"

"Namngoja mtoto alie."

Kumbe wote walikuwa wanamngoja. Siku zote hizo tumekuwa tukiingia kwa kilio cha Salehe, na hakuna aliyejijua. Hata Mama Rukia mwenyewe, kayamba lake lilikuwa limelala mapajani. Tulicheka mpaka Mwalimu akazima mashine.

Ukarudishwa mkanda wa zamani. Salehe akalia, ngoma zikashuka kwa pamoja, nikasisimka mwili mzima. Yeye mwenyewe alikuwa ananyonya, hana habari.

Mama Rukia akanigeukia. "Mtoto keshatangulia Korogwe kwenye mkanda, mama yake abaki hapa anafanya nini? Chukua jembe lako, Mama Salehe. Na nepi ubebe za kutosha, lile lori la kijiji, si lako."

Asha akanirudishia msumari, bado una joto la mkono wake.

Nitakwenda.

Sasa hofu yangu ni moja. Salehe akilia mwenyewe kabla ya yule wa kwenye mkanda, Mzee Mhina ataingia tu, simwamini hata kidogo. Kwa hiyo kesho nitamnyonyesha ashibe, nimfunge mgongoni vizuri, nisimame nyuma kabisa, na nikimsikia anaanza kuguna tu, nita...

Ngoja, mama mkwe ananiita, anasema mjukuu wake kaupata ule msumari na sasa anagonga jembe langu.