Kiapo Nilichoshindwa Kula

Kibiti, Pwani
17 Agosti 2025

Mpendwa Shangazi Otilia,

Shikamoo. Hali yako huko Mbinga? Magoti yamepata nafuu, au baridi ya Agosti bado inayasumbua? Najua mko kwenye kahawa, usijitume kupita kiasi. Sisi hatujambo. Kasiani anafundisha kama kawaida, na mjukuu wako Festo anaota magego, anang'ata kila anachokishika.

Sitaki uhangaike, lakini nina jambo limenivuruga na sina mtu mwingine wa kumwandikia. Wewe ndiye uliyenifundisha kusoma Biblia.

Nimewahi kukutajia Mwanamina, jirani yangu, ambaye nilikuwa nashona nguo barazani kwake. Mumewe, Fikirini, alifariki mwanzoni mwa mwaka. Hawakujaliwa mtoto. Baada ya kuondoa tanga, Shaban, mdogo wake marehemu, akadai kuwa shamba la ufuta la njia ya Ikwiriri ni la mirathi, ligawanywe. Mwanamina akasema halimo kwenye mirathi, kwa sababu mumewe alimpa angali mzima wa afya. Wakafikishana mahakamani.

Shangazi, mimi nilikuwepo. Fikirini alitukuta barazani tunashona, akasema, "Shamba lile nimempa mke wangu. Mama Festo, uwe shahidi." Akacheka, nasi tukacheka. Sikujua kwamba ipo siku nitaitwa kweli.

Siku ya kesi Shaban aliapa kwa Msahafu bila kusita. Mwanamina naye akaapa. Ilipofika zamu yangu, karani akanipa Biblia niinyanyue. Nikaipokea, lakini sikuinyanyua. Ndani ya kitabu hichohicho Bwana wetu anatukataza kuapa, ndiyo yetu iwe ndiyo, imetosha. Nimelisoma neno hilo tangu utotoni na sikuwahi kulifikiria. Siku ile likanikamata pale mbele za watu.

Hakimu akaniuliza, "Mama, wewe si Mkristo?"

"Ni Mkristo, mheshimiwa."

"Sasa unasita nini?"

"Humu ndani tumekatazwa kuapa."

Watu wakaangua kicheko. Hakimu hakucheka. Akasema sheria inaniruhusu kuthibitisha bila kuapa, nami nikathibitisha. Lakini nyuma yangu nikamsikia Shaban akiwaambia wenzake, "Anaogopa kiapo huyo, anajua anasema uongo." Nilipoulizwa ni lini Fikirini alitamka maneno yale, nikajibu, "Nadhani ilikuwa kwenye mfungo wa mwaka jana." Nadhani! Wakati nilikuwa na hakika kabisa, maana tulikuwa tunashona nguo za Idi.

Hakimu akaamua kuwa ushahidi hautoshi, shamba liingie kwenye mirathi. Mwanamina amepata robo. Habari ya kiapo changu hakuigusa kwenye hukumu, ila hapa mtaani hakuna anayezungumza kingine.

Nimeuliza kila mahali. Padre ameniambia kuapa mahakamani kwa ajili ya kweli si dhambi, Kanisa linaruhusu. Katekista amenipongeza eti nimelishika neno. Kasiani yeye anasema, "Ungeapa tu mke wangu, halafu ukaungame Jumapili." Wote hao wanasoma Biblia moja! Nami nikibaki peke yangu najiuliza lililo baya zaidi: nilimwogopa Mungu kweli, au niliwaogopa akina Shaban nikajificha nyuma ya Mungu? Sijui, Shangazi. Asubuhi naifungua Biblia kama zamani, nasoma mistari miwili, nafunga. Sijaacha kuamini. Ila siku hizi sijui kama ninaposoma ni Yeye anayesema nami, au ni mimi najisemea mwenyewe.

Tangu hukumu Mwanamina hakunisemesha. Cherehani nikaihamishia kwangu, kwa aibu. Jana akaja. Nikamkaribisha kiti, akakaa ukingoni kama mtu asiyetaka kukawia.

"Mama Festo, nakuuliza neno moja tu. Lile katazo limo kweli, au ulilitunga palepale?"

Nikamfungulia Injili, nikamwonyesha. Akasoma mwenyewe, taratibu, midomo ikicheza. Akarudia tena. Kisha akanirudishia kitabu.

"Limo," akasema. "Basi mie sikulaumu. Ila shamba limekwenda."

Akasimama, akaenda zake. Mpaka sasa ninapoandika, sijui kama alikuja kunisamehe au kuniaga.

Tafadhali usinijibu kwa mafundisho, hayo nimeyasikia. Niambie tu, wewe ungekuwa pale na kitabu kile mkononi, ungefanyaje? Hata kama jibu lako ni kwamba hujui, liandike, nitalipokea.

Nisalimie sana Baba Mdogo Titho na mkewe, na binamu Skolastika, mwambie gauni lake la kipaimara cha mtoto sijalisahau. Kasiani anakuamkia shikamoo. Mungu, ambaye bado namwomba japo kwa maneno machache, akulinde na akupe usingizi mwema.

Mimi mwanao nikupendaye,
Gaudensia