Kroshe ya Daphrose Bado Iko Kwetu

Mzee wetu Massoudi, Baba Chabani,

Ijumaa hii mwaka unatimia tangu ulipovaa koti lako la kahawia, ukatoka kwetu Buyenzi kwa miguu kwenda mtaa wa Cibitoke, ng'ambo ya mji, na jioni watu wakakurudisha umefunikwa shuka. Risasi ilitoka upande gani, hawakutuambia. Na wangetuambia, tungefanya nini?

Wanaume walikujua kwa giaboksi za magari, wanawake walikujua kwa kroshe, sindano za kufumia. Spoku ya baiskeli iliyovunjika haikukupita njiani. Unaiokota, unaikata, unaipasha moto, unaikunja pua, halafu unakaa nayo na tupa na msasa mpaka ipite kwenye uzi bila kukwaruza. Mishikio ulitengeneza kwa miswaki ya zamani. Na ile naveti yako, kijimtumbwi cha kubebea uzi wa frivolite, ile lesi ya mafundo, uliichonga kwenye taa ya nyuma ya Peugeot iliyogongwa. Nyekundu, ndogo kama ganda la karanga. Kabla ya kuishika ulinawa mara tatu, mara ya mwisho kwa ndimu, uzi usishike grisi.

Vijana wa garaji ulikofanya kazi walikucheka ukifuma lesi. "Mzee mzima na dantele!"

"Nyie munafunga boliti, mi nafunga fundo," ukawajibu. "Tofauti yake, langu halivuji oili."

Siku zile mji ulipofungwa, hakuna wa kutoka, ulikaa na mjukuu wako Adija ukamtegea. "Kitendawili!" "Tega!" "Nyumba yangu yote matundu, na wageni wanaisifu." Mtoto anafikiri, anachoka, anakupa mji. Akikupa Paris unakataa. "Paris kuna nini? Nipe Rumonge, kuna mawese." Ukishapewa Rumonge yako, ndipo unamfunulia dantele iliyokuwa mkononi mwako muda wote.

Kitu chako mwenyewe hukumaliza hata kimoja, Mzee. Sandukuni tumekuta kitambaa cha meza kilichofika nusu. Tumekuta ukingo wa mtandio wa Adija, umebaki shubiri mbili. Tumekuta na kofia yako, duara moja tu, pesa ya sarafu ingelifunika. Kila mara mwanamke akigonga mlango na kroshe iliyovunjika, ulizitupa kazi zako kando.

Namba za saizi hukutumia. Ulimwambia mtu: "Kaa, fuma mistari miwili nione." Anayevuta uzi kwa nguvu ulimtengenezea nene, mwenye mkono mwepesi ukampa nyembamba. Kwa hiyo kila kroshe ilikuwa na mkono wake. Ukimwazima jirani, kazi inapinda, upande mmoja umebana na mwingine umelegea kama soksi ya kuazima.

Hivyo ndivyo alivyokuja Daphrose, mwalimu wa Cibitoke. Kroshe yake ilikuwa imevunjika, na tandiko la kitanda alilokuwa akimfumia binti yake limefika katikati. Akakaa barazani kwetu, akafuma mistari yake miwili, ukamwambia arudi baada ya wiki. Wiki ile njia ikaharibika kwa risasi. Hakuja.

Mke wako Saliha alikuambia: "Baba Chabani, acha. Njia ikitulia atakuja mwenyewe."

"Njia ni mbaya kwake, ana watoto," ukasema. "Mi ni mzee. Nani atahangaika na mi?"

Kroshe yake tuliikuta mfukoni mwa koti lako, imefungwa kwenye kipande cha gazeti, jina lake umeliandika kwa penseli.

Sasa tukuambie jambo ambalo mke wako hajalisema mbele ya watu.

Siku ya tatu ya matanga Daphrose alikuja. Alipita njia ileile. Nyumba imejaa, wanawake wamekaa chini, yeye akapiga magoti pale mlangoni, na Saliha hakumwambia karibu.

"Mama Chabani," akasema, "mi sikumwomba aje."

"Lakini alikuja. Tandiko lako lilikuwa na haraka gani?"

"Apana haraka, mama. Hata kidogo."

"Basi kaa nalo hivyohivyo."

Adija akamvuta bibi yake kanga, bibi akamsukuma mkono. Daphrose akakaa kidogo, akainuka, akawaaga wote, hata asiyemjibu. Na muda wote huo, Baba Chabani, kroshe ilikuwa kwenye pindo la kanga ya Saliha. Alikuwa ameifunga fundo. Aliisikia ikimchoma ubavuni.

Baadaye hasira ikapoa, ikaja aibu, na aibu ni mvivu wa kutembea. Saliha akasema atampelekea mwezi ujao. Akasema baada ya mfungo. Idi ikapita, akasema njia haijatulia. Katikati ya hapo aliwahi kujaribu kumaliza kitambaa chako cha meza kwa kroshe hiyo. Ilimkataa. Aliyoyafuma usiku mmoja aliyafumua siku mbili.

Juma lililopita mwanao Chabani aliichukua, akaenda. Nyumba ya Daphrose haina milango. Mabati yameng'olewa, majani yameota jikoni. Palikuwa na mzee anauza makaa pale kona, Chabani akamuuliza.

"Mwalimu? Waliondoka mvua za Novemba."

"Kwenda wapi, Mzee?"

"Wengine wanasema Uvira, ng'ambo ya muto. Wengine wanasema hawakufika mutoni." Kisha akamwangalia Chabani. "We ni ndugu yake?"

Chabani alisema tu ana kitu chake. Yule mzee akacheka kidogo, si kwa ubaya, akasema, "Kila mutu ana kitu cha mutu siku hizi."

Akarudi nayo. Ipo.

Ijumaa hiyo baada ya Alasiri tutakusomea hitima hapa nyumbani. Atakayesoma tangazo hili naye anamjua Mwalimu Daphrose, atuletee habari, hata ikiwa mbaya. Hatutegemei sana. Tumeshauliza wengi.

Wanaokukumbuka ni mke wako Saliha, mwanao Chabani, mjukuu wako Adija, mdogo wako Djibril, vijana wa garaji, na wanawake wenye kroshe zako, ambao zikivunjika sasa hawana pa kwenda.

Wewe ulitoka kuvuka mji mzima kwa miguu umpelekee. Mke wako alikuwa nayo, na mwenye kroshe amepiga magoti hatua mbili mbele yake, akashindwa kunyoosha mkono. Haombi umsamehe, anajua wewe ungeshasamehe. Anakuomba, ukimwona Daphrose huko, umwambie kosa halikuwa lake hata kidogo.

Maadamu tunapumua, Mzee, umo midomoni mwetu.